Mfiwa wa Kujipachika

Wahenga walisema kilio huanza mfiwa, wa mbali wakaingia. Siku ya kumzika Isidore Lipkin mpangilio huo ulivurugika, kwa sababu Myron Gelfand, wa mbali kuliko wote waliokuwapo makaburini, aliangua kilio kabla binti wa marehemu hajapangusa hata jicho moja. Na hakulia kidogo. Alilia hadi kofia ikamdondoka kwenye theluji, akalazimika kuinama kuiokota huku analia.

Mzee Lipkin alikuwa mwenyekiti wa chama cha maziko cha Wayahudi wa Winnipeg kwa muda mrefu kiasi kwamba watu walisahau kama aliwahi kuwapo mwingine kabla yake. Yeye na wenzake ndio waliowaosha maiti, wakawavisha sanda ya kitani na kukaa nao mpaka saa ya kuzikwa, ili maiti asibaki peke yake. Wagonjwa aliwafuata hospitalini akabishana na madaktari kwa niaba yao. Wajane aliwapigia simu kila Ijumaa kabla jua halijatua. Mjini hapo kulikuwa na utani kwamba kufa si jambo la kuogopesha sana, maana ukifa tu unakabidhiwa kwa Lipkin. Kila mtu alikuwa na kisa chake cha Lipkin, na waliokuwa na visa viwili walijivuna mbele ya wenye kimoja.

Myron naye alikutana naye mara mbili. Mara ya kwanza walipanga foleni pamoja kwenye duka la mikate, na mzee akageuka akamshauri achukue mikate ya ufuta, kwa kuwa ile ya vitunguu ilikuwa ya jana. Mara ya pili ilikuwa arusini. Mzee alimshika mkono kwa nguvu, akamwita Norman, akamuuliza magoti yanaendeleaje. Norman ni shemeji yake Myron, na magoti mabovu ni ya Norman. Myron aliona si adabu kumsahihisha mtu mkubwa kama yule hadharani, akajibu kwamba magoti hayajambo, Mungu ashukuriwe, kisha akaenda kuchukua chakula.

Basi hiyo ndiyo iliyokuwa akiba yake yote ya Lipkin: ushauri wa mikate, na salamu za magoti ya mtu mwingine.

Ikabaki kueleza kilio kile, na Myron mwenyewe hakukielewa vizuri. Jinsi kilivyoanza alijua. Kwa Wayahudi, waliofika makaburini ndio wanaofukia kaburi kwa mikono yao. Kila mtu hushika beleshi, na mara ya kwanza hulitumia kwa upande wa mgongo, ili ionekane kwamba kazi hii haina mwenye haraka nayo. Ilikuwa Februari, udongo umeganda mabonge mabonge. Myron, ambaye kwa kazi yake ya kuuza miwani hanyanyui kitu kizito kuliko sanduku la lenzi, aliinua bonge moja kwa pupa ya mtu anayetazamwa, na kiuno kikamkata. Machozi ya kwanza, na hili angeapa mbele ya rabi, yalikuwa ya kiuno. Lakini bonge lilipotua juu ya sanduku la mbao, ilitoka sauti kavu ambayo hakuitegemea, na nyuma ya machozi ya kiuno yakaja mengine ambayo hakujua yametoka wapi. Hayo ndiyo yaliyomwangusha kofia.

Rochelle, mkewe, alimvuta kando akamuuliza kwa sauti ya chini kama amerukwa na akili. Alimkumbusha kwamba siku ya kumzika mama yake yeye Rochelle, mwanamke aliyemlea Myron kama mwana wa kumzaa tangu alipohamia mji huu, Myron alikuwa akizunguka nje kutafuta pa kuegesha gari. Myron akasema kuwa siku hiyo magari yalikuwa mengi. Rochelle akamtazama, akarudi kwenye gari bila kumsubiri.

Hapo ndipo alipofika Faye Zolty. Faye ni mama mwenye moyo mwema, na ana masikio mawili na simu mbili. Alimshika Myron mikono yote, macho yakiwa yamemlegea kwa huruma.

"Pole sana, ndugu yangu," akasema. "Kumbe mlikuwa karibu hivyo, na sisi hata hatujui."

Majibu mazuri yalikuwapo mengi. Angeweza kutaja kiuno. Angeweza kusema hata yeye anashangaa. Lakini Faye alikuwa akimtazama kwa heshima, jambo ambalo halikuwahi kumtokea tangu waanze kujuana, na heshima ni kitu kitamu.

"Karibu sana," akasema Myron.

Mdomo huponza kichwa. Magari yalipofika kwenye lango la makaburi, kwa simu za Faye, Myron alikuwa kama mwana kwa marehemu. Yalipoingia mjini, marehemu alikuwa akila kwake kila Ijumaa. Simu ya nyumbani ikalia, na Rochelle akapongezwa na mwanamke mmoja wa sinagogi kwa wema wake wa kumlisha mzee yule miaka yote bila kujitangaza.

"Alikuwa anakulia wapi, Myron?" Rochelle akamuuliza alipoweka simu. "Chini ya meza? Maana mimi ndo napika, na sijawahi kumwona."

Myron akasema kwamba watu wanakuza mambo. Rochelle akamkabidhi keki ya tambi, bado ya moto, sahani imefungwa kwa taulo. Akamwambia aipeleke mwenyewe matangani, maana yeye hana uso wa kukaa kwenye nyumba ya mtu aliyemshibisha kimiujiza. Na akitoka huko, akasema, awe amekwisha kuyasawazisha mambo, kwa sababu yule binti ana msiba halisi na hana haja ya kuletewa wa kubandika.

Njiani Myron alijipangia. Ataingia, ataweka keki, atamwambia binti neno moja la pole, atatoka kabla mtu hajamwomba asimulie. Hilo ndilo lililomtia baridi kuliko theluji: matangani watu husimulia, na mtu aliyekuwa kama mwana hawezi kusimulia mikate ya ufuta.

Mlango ulikuwa wazi kama ilivyo kawaida ya nyumba yenye matanga, hakuna wa kubisha hodi wala wa kufunguliwa. Vioo vyote vya ukumbini vilikuwa vimefunikwa mashuka, ndiyo desturi ya msiba, na Myron akashukuru, kwa kuwa hakuwa na hamu ya kuuona uso wake. Ndani watu walikuwa wamejaa hadi ngazini, kila mmoja na sahani yake ya samaki wa moshi. Sebuleni bwana mmoja alikuwa akieleza jinsi Lipkin alivyoendesha gari kwenye dhoruba kumfuata maiti kijijini. Myron akakwepa, akaingia chumba cha kulia. Huko walikuwa wanakumbuka jinsi Lipkin alivyomfukuza daktari wodini. Alipotazamwa kana kwamba zamu yake imewadia, akajitia hamnazo, akaulizia choo.

Kiuno nacho kilikuwa kimeanza upya. Makochi yote yalikuwa ya akina mama watu wazima, viti vyote vina watu au makoti. Ndipo alipoona, kando ya ukuta wa sebule, kiti kitupu. Hakujiuliza kwa nini katika nyumba iliyojaa namna ile kiti hicho hakina mtu. Alikiendea mbio za polepole za mgonjwa, akajiachia.

Kilikuwa kifupi kuliko alivyodhani. Alishuka, akaendelea kushuka, na kabla makalio hayajatulia alikuwa ameshajua. Matangani wafiwa hukaa chini, kwenye viti vilivyokatwa miguu, na wengine wote hawavigusi, kama vile mtu hapandi mimbarini kwa sababu amechoka kusimama. Viti vilikuwa viwili. Kimoja cha Adina, binti wa marehemu, ambaye alikuwa amepanda juu kujinyoosha kidogo. Cha pili cha kaka yake, aliyekuwa bado angani akitokea Haifa. Myron alikuwa amekaa mahali pa kaka.

Akajaribu kuinuka. Kiuno kikakataa. Akajaribu tena akiwa ameshika ukuta, kikakataa kwa ukali zaidi. Angeweza kuita msaada, lakini kuita kungeleta macho, na macho yangeleta maswali. Akaona atulie kidogo mpaka maumivu yapungue.

Wakati anatulia, akaja Mzee Tulchin na mkongojo wake, akavuta kiti, akakaa mbele yake, akanyamaza. Desturi ni kwamba mwenye kuja kufariji hafungui kinywa mpaka mfiwa aseme kwanza. Myron naye alinyamaza, kwa sababu hakuwa na la kusema. Wakatazamana. Mzee alikuwa amevaa miwani ambayo Myron mwenyewe alimpimia si muda mrefu, akimhakikishia kuwa kwa umri wake anaona vizuri ajabu. Ukimya ule ukarefuka hadi watu wa karibu nao wakashusha sauti zao. Hatimaye mzee akainuka, akamwekea mkono begani.

"Mwenyezi Mungu akufariji pamoja na waombolezaji wote wa Sayuni na Yerusalemu," akasema. Kisha akainama akaongeza kwa upole: "Umefanana naye sana, mwanangu. Hasa paji la uso."

Baada ya hapo mambo yalijiendesha. Waliomwona Tulchin wakaja nyuma yake. Wapo waliomjua mtoto wa kiume wa Lipkin na kujua kabisa kuwa huyu siye, lakini walikuwa wameshasikia ya Faye, nao wakahitimisha kwamba kama familia imempa kiti, basi uhusiano ulikuwa wa ndani kuliko hata Faye alivyojua. Mmoja mmoja walikaa mbele yake na kunyamaza. Mmoja mmoja walimwombea faraja ya Sayuni na Yerusalemu. Mama mmoja alimwekea sahani mapajani yenye yai la kuchemsha, chakula cha mfiwa, akasimama pale kuhakikisha analila. Akalila. Angefanya nini?

Na la aibu kuliko yote ni kwamba alipenda kufarijiwa kule. Alipenda mikono ile begani, na sauti zile za chini. Alikuwa na miaka sitini na moja, na hapana mtu aliyewahi kukaa mbele yake akanyamaza kwa ajili yake. Rochelle hanyamazi, na wateja wa miwani husoma herufi kwa sauti. Faraja ya mtu mwingine ilikuwa ikimshukia kooni pamoja na yai, akaona kweli imempoza moyo. Kisha akakumbuka kwamba mwenye faraja hiyo yuko juu amelala, na anayeimaliza ni yeye Myron. Akaapa kwamba atakayefuata, awaye yeyote, atamwambia kweli.

Aliyefuata alikuwa Adina.

Alishuka ngazi bila viatu, amevaa soksi nzito tu, kola ya sweta yake imechanwa upande wa moyo kama inavyompasa aliyefiwa na mzazi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, na paji la uso la Lipkin alikuwa nalo yeye. Alimwona Myron kwenye kiti cha kaka yake, na sahani ya maganda ya yai mapajani.  Akaja akakaa kwenye kiti chake, bega kwa bega naye, wote wawili wakiangalia magoti ya watu.

Kiapo cha Myron kikamkauka mdomoni. Desturi nayo ilimpa kisingizio, kwamba asiseme mpaka mfiwa aseme. Akashikilia ukimya kama mtu aliyeshikilia mlango usifunguke. Watu waliowaona wakasogea mbali kwa heshima, wakidhani wawili hao wanaombolezana.

"Wewe ndo Gelfand," Adina akasema mwishowe, bila kugeuka.

Akaitikia kwa kichwa.

"Tangu asubuhi wewe ndo wa kwanza kuningoja niseme. Wote wanaanza wao. Hata sijakaa vizuri, mtu ameshafika kwenye dhoruba na maiti wa kijijini." Akavuta soksi yake. "Faye kaniambia ulikuwa mtu wake wa karibu. Kwamba alikuwa anakula kwenu. Kwangu Boston alikuja mara moja, na siku ya pili akapigiwa simu, kuna mtu kafa, akaondoka. Sikasiriki. Ni kazi ya Mungu, najua. Lakini kila aliyekufa mjini humu amekaa na baba yangu kuliko nilivyokaa naye mimi."

Myron aliitazama sahani yake.

"Nataka kukuuliza kitu kimoja," akasema Adina, na sasa aligeuka, "na tafadhali usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Akiwa mezani kwenu. Alikuwa ananitaja?"

Ndiyo. Neno lenyewe dogo, na lilikuwa limeshapanda kooni. Ndiyo, kila Ijumaa. Nani angekanusha? Marehemu? Rochelle angekanusha, lakini Rochelle yuko nyumbani. Lingemletea binti huyu usingizi usiku wa leo, na lingemwacha Myron salama, tena mwenye heshima kuliko alivyoingia. Wema wa bei rahisi namna hiyo mtu hukutana nao mara moja maishani. Lakini macho yale yalikuwa yakimsubiri jinsi mtu anavyosubiri majibu ya daktari, na Myron, ambaye kazi yake yote ni kuwaambia watu wanaona nini na hawaoni nini, hakuweza.

"Sijui," akasema. "Sikumjua baba yako."



Basi akamwambia yote, haraka na kwa sauti ya chini. Mikate ya ufuta. Norman na magoti yake. Kwamba mzee hakuwahi kula kwao hata punje, na kwamba jina la Myron Gelfand pengine halikuwahi kupita kichwani mwake. Kwamba Faye alimuuliza naye akadanganya, kwa sababu Faye alimtazama vizuri. Kwamba alikaa hapa kwa ajili ya kiuno na hawezi kuinuka, na yai amelila kwa woga. Alipomaliza hakuthubutu kumtazama. Alingoja apigiwe kelele, na kwa upande mmoja alizitamani, maana kelele zingemaliza mambo.

"Na kilio kile?" akauliza Adina. "Nilikusikia mimi. Nilisimama pale nikajiona mbaya, kwamba mgeni analia kuliko mimi."

"Kilianza kwa kiuno."

"Kikaishaje?"

Myron akafikiri. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kufikiri kabla ya kujibu.

"Hakijaisha," akasema. "Nimekaa mitaa sita na mtu kama yule, dada yangu. Siku zote nilisema nitamsogelea, nimjue, yupo tu, haendi kokote. Sasa kila mtu humu ana kisa chake, nami nina mikate. Nahisi nimeibiwa, na aliyeniibia ni mimi mwenyewe."

Adina akamkodolea macho. Halafu kitu kikamtoka puani ambacho Myron alidhani ni kwikwi, lakini kilikuwa kicheko, kidogo na kibovu, cha mtu ambaye hajacheka siku nyingi. Akakifunika kwa kola ile iliyochanika.

"Nimewauliza wengi leo," akasema. "Wote wamesema ndiyo. Kwamba alinitaja kila siku, kila saa. Hata vijana walioleta hivi viti wamesema ndiyo. Baba yangu hakuwa mtu wa kumtaja mtu aliye hai na mzima. Wewe ndo wa kwanza kunijibu." Machozi yalikuwa yakimshuka sasa, nayo aliyaacha yashuke. Yalikuwa ya kwanza tangu apokee simu ya msiba, akamwambia, na alikuwa ameanza kuogopa kwamba hana.

Myron hakujua la kufanya na mikono yake. Akaweka sahani sakafuni, akashika ukuta, akaanza kujikokota ainuke, akinong'ona kuwa anamwachia nafasi, kwamba amekalia kiti cha watu mchana kutwa. Adina akamkandamiza begani, akamrudisha chini.

"Kaa," akasema. "Kaka yangu anafika kesho."

Wakakaa. Chumba kizima kilikuwa kimegundua kwamba binti wa Lipkin analia, na watu wakawa wanasukumana kwa macho nani aende. Akaenda Faye Zolty. Alivuta kiti, akakaa mbele yao, akapakata mkoba wake. Alimwangalia Adina, akamwangalia Myron, akajaa huruma hadi shingoni, na kwa kuheshimu desturi akafunga mdomo. Kwa Faye hiyo haikuwa sadaka ndogo. Myron akainamisha kichwa, akajua kwamba kweli yake sasa iko mikononi mwa mwingine, na kwamba kesho Winnipeg yote itakuwa nayo.

Adina alipangusa pua kwa mkono wa sweta.

"Faye," akasema, kwa sauti ya kusikika hadi chumba cha kulia, "huyu Bwana Gelfand hakumjua baba yangu. Na mimi sikumjua. Tufariji wote wawili."